Herufi Hewa

Nilianza na kopo la dawa ya mbu.
Kitabu kingeniona.
Mjukuu wangu Nasibu, kidato cha kwanza,
alirudi na daftari la Kiingereza lina wino mwekundu
utadhani kuku kachinjiwa juu yake,
nikamwambia, njoo tusome vya humu ndani,
vimetuzunguka miaka yote vikitusengenya.

Kopo likasema: tikisa kabla ya kutumia.
Pasi ikasema: usiniache peke yangu nikiwa na moto.
Pakiti ya maziwa ikataja tarehe yake ya kufa.
Nikacheka. Siwema wa Tandika,
vyerehani viwili, miaka hamsini na sita,
naongea na pasi.

Lugha yetu haina uvivu, Nasibu.
Kila herufi inaamka asubuhi inakwenda kazini,
ukiiita inaitika.
Yao? Tazama kisu.
Wanasema naifu, lakini mlangoni kasimama kei,
hasemi, hafanyi, mshahara anapokea.
"Mtumishi hewa huyo," nikasema,
naye akaandika pembeni mwa daftari: herufi hewa.
Tangu siku hiyo tunazihakiki.
Kwenye goti yumo mmoja.
Kwenye usiku wamo wawili, wamelala katikati.
Kwenye kidole gumba yumo,
kajibanza mwisho kabisa.

Kidole gumba.
Hiki hiki ndicho kilichoniponza.
Masika ya mwaka juzi cherehani kilikufa mota,
nikakopa kwenye simu, laki moja na nusu.
Maandishi yakashuka kama mchele uliotoboka gunia,
Kiingereza kitupu, na chini yake kitufe cha bluu.
Nikabonyeza. Nani angesoma?
Sikujua nimewakabidhi majina yote ya kwenye simu.
Siku ya nane wakampigia shemeji,
wakampigia ustadhi wa madrasa,
wakampigia mteja wangu wa Chang'ombe,
gauni lake la sendofu halijakunjwa hata pindo:
mwambieni Siwema alipe, mwizi huyo.
Yule wa Chang'ombe alikuja kuchukua kitambaa chake.
Hakuuliza kitu.
Alihesabu mita, akaondoka.

Mtaani wanadhani nataka kwenda Ulaya.
Mangi wa dukani ananiita madamu. Namwacha.

Jioni, umeme ukiwepo, tunatandaza mkeka.
Kijitabu cha cherehani, ukurasa wa nne, uzi unapitia wapi.
Ujumbe wa benki.
Onyo la chaja, lililoandikwa na sisimizi.
Nasibu ananisahihisha, mimi namsahihisha,
wote tumekosea, tunasonga.
Jana tulikwama kwenye neno la kusoma lenyewe.
Nasoma leo, nilisoma jana, wanaliandika vile vile,
ila la jana unalitamka kama rangi nyekundu.
"Sasa mtu atajuaje kama umeshasoma
au ndiyo kwanza unasoma?"
Akainua mabega.
"Unaangalia maneno ya jirani, bibi."
Nikamtazama huyu mtoto wa wino mwekundu.
Nikamwongezea chai.

Usiku huu simu imewaka.
Programu ya tochi, bure kabisa,
inaomba nikubali.
Nimevaa miwani. Nimemwita Nasibu,
kasinzia na viatu vya shule miguuni, nimemwacha.
Mstari wa kwanza umepita.
Wa pili nimeurudia mara tatu.
Wa tatu una neno nalijua, tulionana masika ile:
tochi inataka majina ya watu wangu.
Tochi!
Inataka kumulika nani?

Kidole gumba kiko hewani,
na ile herufi yake ya mwisho, kimya.
Bado mistari kumi na saba.
Nasogeza taa.