Nimeleta Tarehe

Sweta langu ni moja tu, la kijani,
na asubuhi ya Igowole mwezi wa tano haina huruma na mtu.
Ngailo, mratibu wetu, alinitazama, akatikisa kichwa:
rangi hiyo ina wenyewe.
Basi nikaligeuza, mishono nje,
nyuzi zikaning'inia kama mizizi ya kitunguu,
nikaingia ukunguni nikiwa si wa mtu.

"Kamwene."
"Kamwene. Umetuletea nini?"
Ndilo swali, mlango kwa mlango.
Waliotangulia walileta chumvi,
walileta khanga zenye sura za watu,
mmoja alileta mbuzi, wakamla wapambe wake.
Mimi nimeleta tarehe.
Nimeleta saa mbili mpaka saa kumi na mbili,
shule ya msingi, darasa la tatu,
siku saba tu, halafu daftari linafungwa.
Wengine walicheka.
Wengine walinipa kiazi cha moto,
kwa namna anavyopewa mgeni aliyepotea njia.

Kilabuni, fundi Kalolo akatua kikombe cha ulanzi.
"Nimepiga kura mara nne, kijana.
Na daraja letu limejengwa mara nne,
kila mara mdomoni."
Sikuwa na jibu. Kwenye semina hatukufundishwa jibu la hilo.
Nikamwandikia tarehe kwenye karatasi ya sukari,
akaitia mfukoni, au aliitupa;
giza lilikuwa limeshaingia.

Oresta Mgovano alikuja siku ya tano,
kikapu bado mgongoni,
mvua ya shambani bado inachuruzika kwenye nailoni yake.
Mashine ikakataa dole gumba.
Ikakataa cha shahada.
Karani akamfuta kwa spiriti, akapuliza, Bonyeza tena, mama,
na taa ikawaka nyekundu kama jicho la mlevi.
Vyote kumi.
Foleni ikaguna.
Miaka thelathini na mmoja ya majani mawili na chipukizi,
majani mawili na chipukizi,
vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu
na laini kama changarawe za mtoni.
"Alama zangu zilikwenda na chai," akasema,
bila uchungu, kama anayetaja alikowafunga mbuzi.
"Waulizeni wanaokunywa."

Wapo watu wa namna hiyo, karani alijua,
ipo fomu yao, ipo sahihi ya msimamizi,
na msimamizi alikuwa amekwenda kula.
Tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.
Kadi ilipotoka ilikuwa na joto.
Akaipokea kwa ncha ya kitenge
asiichafue.

Njiani, kwenye mikaratusi, akasimama.
"Haya, sasa tuko wawili. Nimpe nani?"

Ninaye. Ningekudanganya nikisema sina.
Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno,
na hapakuwa na shahidi ila ukungu
na mama huyu aliyetembea kilomita sita
kwa kuwa nilimwambia twende.
Nikavuta uzi mmoja wa sweta. Ukaja, ukazidi kuja.
"Mama, hiyo ni yako."

Alinitazama kama wachumaji wanavyoutazama mzani,
wakijua unavyoiba.
Kisha akacheka, jino moja la dhahabu likatoka ukunguni.
"Vema. Nilikuwa nakupima."
Akashika njia ya chini, kikapu kikiyumba,
hakugeuka.

Jioni nikamhesabia Ngailo: arobaini na mmoja.
Kalolo simo aliyemwona.
Posho ilikuwa nauli na soda, na soda ilikuwa baridi mno kunyweka.
Kesho ni Luhunga, kama barabara haijakatika.

Nyumbani mama aliniuliza mbona nimevaa hovyo,
mwanaume mzima, mishono nje.
Nikamwambia ni baridi.