Fundi wa Spika

Mimi sina chama. Nina spika nne,
jenereta linalokohoa kama mvuta tumbaku,
na waya wa mita themanini, viraka kila hatua.
Kaliua yote inanijua: harusi, hitima, mnada,
na kila miaka mitano, siasa.
Anayelipa ndiye ninayempaza.

Jumanne ilikuwa zamu ya Mihayo.
Akapanda jukwaani, akafuta viatu kwa leso,
akaahidi bei ya tumbaku, akaahidi kisima,
akaahidi mambo ambayo hata maikrofoni
iliyatilia shaka, ikapiga mluzi.
Ndipo mama mmoja, udongo wa kitalu kwenye kucha,
akasimama katikati ya waliokaa:
"Binti zetu wanafia chumbani, komeo ndani.
Wanaitoa mimba kwa siri, wanatoka na sanda.
Mheshimiwa, wewe unaamini nini?"

Mihayo hakumeza hata mate.
"Mama, mimi ni mtu wa dini. Uhai ni wa Mungu."
Makofi. Vigelegele. Nikapandisha sauti kidogo,
kazi ndivyo inavyotaka.
Aliposhuka, maikrofoni bado iko kifuani,
nikamsikia masikioni mwangu akimuuliza katibu:
"Yule mama wa kata gani? Huko tuna kura ngapi?"
Sisemi hamwamini Mungu.
Huenda anamwamini kuliko mimi.
Nasema tu alichouliza.

Alhamisi, uwanja uleule, spika zilezile:
Kalunde Kapaya, mwalimu mstaafu wa hesabu.
Mama yuleyule akasimama.
Kalunde akanyamaza.
Akanyamaza mpaka nikadhani waya umekatika,
nikaenda kushikashika plagi.
Mbuzi akalia nyuma ya ghala la ushirika,
spika zikamkuza mbuzi, watu wakacheka.

"Mimi nisingeitoa," akasema hatimaye.
"Nimelelewa hivyo, nitazikwa hivyo.
Lakini nimeita majina darasani miaka thelathini,
na kila mwaka daftari lilikuwa na jina
ambalo asubuhi moja niliacha kuliita.
Sheria iandikweje, bado natafuta.
Ila imani yangu, mama, imenilaza mimi usingizi.
Haijamzuia binti wa mtu kufa."

Hapakuwa na makofi.
Kijana juu ya pikipiki akapiga kelele: "Muuaji!"
Mwenyekiti wa mkutano akatazama saa.
Nililipwa nusu. Nusu ataileta mwanawe, walisema.

Usiku nikakunja waya, kiganja na kiwiko,
kiganja na kiwiko,
na kwenye kahawa wakabishana nani ana Mungu zaidi.
"Fundi, wewe uliyewasikia wote,
nani alisikika vizuri?"
Nikasema Mihayo. Alifika hadi relini.
Ni kweli, alifika.

Sikuwaambia kuhusu Nyanzala.
Dada yangu, kidato cha pili,
ndiye aliyenishikia tochi nikichomelea risasi,
akinikemea nisiunguze vidole.
Alikuja kwangu usiku wa mvua, kanga imemganda,
akasema neno moja, kisha akatazama sakafu.
Nami nikamjibu nini?
Nilimjibu maneno ya Mihayo,
miaka tisa kabla Mihayo hajayasema.
Sikuwa na jukwaa. Nilikuwa na kitanda
na redio ya mtu iliyofunguliwa tumbo.
Sikuuliza nani. Sikuuliza anaumwa wapi.
Nilirudi kwenye redio.

Siku ya nne walikuja kuniita.
Kwenye cheti waliandika malaria.
Mimi ndiye niliyefunga spika za msibani, bila malipo,
na sauti ilitoka safi sana.

Kwa hiyo msiniulize nitampa nani kura.
Sijui hata mimi ninaamini nini,
nikiondoa yale ninayosema watu wakiwepo.

Jumamosi kulikuwa na harusi, uwanja uleule.
Nilifika mapema, viti bado vimebebana.
Nikajaribu mitambo: moja, mbili. Moja, mbili.
Hapakuwa na mtu.
Nikasema: Nyanzala.
Likaenda hadi relini, likarudi.
Nikataka kulisema tena,
jenereta likazima. Mafuta.