Mizani ya Nyumba

Nyumba yetu ina matairi sita,
na yote sita, ukiyatazama kwa mbali, ni mazima:
kashata nene, unaweza kuficha sarafu ya mia mbili
mferejini mwake isionekane.
Ndiyo maana Anselmi aligoma mwezi mzima.
"Haya hayajatembea, Tumsifu. Hayajatembea."

Kweli. Miaka tisa basi limekaa Kinyerezi mchangani
likigeuzwa nyumba kidogokidogo:
kitanda juu ya injini, kabati palipokuwa kiti cha kondakta,
na jua la saa tisa likilipiga ubavu
uleule, kila siku.

Tukapeleka spea Gerezani ndani ya guta.
Duka la Shadhili halina mlango, lina matairi,
unaingia kiupandeupande kama mtu anayechungulia msiba.
Akalowesha kidole mate, akasugua ubavu wa mpira
mpaka tarakimu nne zikajitokeza.
"Wiki ya kumi na saba, mwaka kumi na tano."
Wiki hiyo Anselmi alikwenda Songea mara tatu,
nami nilikuwa na darasa la watoto themanini
na magoti yangu mwenyewe.

Akaukunja mpira kwa dole gumba. Nyufa zikafunguka,
nyembamba, kisigino cha mtu anayelima.
"Hili, mama, limechoka kwa kusimama."

Akatuonyesha ya mtumba, nusu ya bei,
meusi ti; nikayagusa, weusi ukabaki kidoleni.
Akatuonyesha mapya, bado yana vinyweleo.
Kisha akauliza, kalamu sikioni:
"Nyumba yenu ina uzito gani?"

Tukatazamana.
Watu huuliza vyumba. Huuliza kodi, maji, umeme.

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha mizani ubaoni,
nane huku, nane kule,
silabi moja ikizidi shairi linachechemea.
Sikujua kwamba nami nitapimwa, nikiwa jikoni kwangu.

Tukaenda kwa mwendo wa harusi hadi Vingunguti,
kwa wanunuzi wa chuma chakavu,
wenye mizani ya kukanyagwa na lori.
Karani akaandika, akainua macho. "Mnauza?"
"Tunapima," akajibu Anselmi
kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa mama.

Tani kumi na moja na kilo mia sita.
Tukarudi kinyumenyume, tukapanda upande mmoja, kisha wa pili.
Kushoto nyuma pamezidi kilo mia saba:
tangi la maji, cherehani,
na maboksi ya madaftari ya wanafunzi
niliyosema nimeyachoma.

Anselmi hakuuliza kitu kuhusu madaftari.
Alisema tu: "Kumbe ndiyo maana inavuta kushoto."

Kiinua mgongo kilichobaki kilitosha manne.
Mapya mbele, hilo halikuwa na ubishi.
Nyuma, akasema, ya nje yawe mapya,
ya ndani tuweke mtumba, nani atayaona?
Nikamwambia yale yasiyoonekana
ndiyo yanayobeba vitu vyangu.
Akanyamaza mpaka Tabata.
Kesho yake akaliuza jenereta, bila kuniaga,
na usiku huo tulikula dagaa kwa mwanga wa simu,
tukitafutana mikono kwenye sahani.

Jumamosi fundi akaja na jeki mbili na kijana wake.
Mimi nilikuwa ndani, chai iko motoni.
Nikaiona ikihamia upande mmoja wa sufuria,
taratibu, kama inayemsogelea mtu kumnong'oneza,
na vijiko vyote vikateleza kwenye droo.
"Mama!" sauti ikatoka chini ya sakafu.
"Usitembeetembee humo! Nyumba iko hewani!"

Nikasimama palepale, kichujio mkononi,
nikisikiliza nati zikilegea.
Nane.
Kimya, mtu akakohoa, spana ikaanguka.
Halafu upande wa pili,
moja, mbili, tatu.