Kizibo cha Mninga

Mkataba ulisema siku arobaini na tano.
Haukusema masika.

Tuliingia uwanjani Machi, mwezi ambao mawingu
hutoka upande wa Ukerewe yamevimba kama magunia ya pamba
na kushushwa yote Mwanza kabla watu hawajamaliza chai.

Kazi yangu ni ile isiyopigwa picha:
pampu, valvu, mabomba ya maji safi na ya yale mengine.
Wa rangi wana jukwaa. Wa nyasi wana kijani.
Mimi nina giza chini ya ngazi
na choo cha timu ngeni.

Niliomba michoro ya zamani.
Msimamizi, Bwana Rwegoshora, akafungua kabati,
akanionyesha mchwa.

Basi tukachimba kwa kubahatisha.
Hapa, jiwe. Pale, jiwe.
Mji huu hauna udongo, una mawe yaliyojifunika shuka.
Sululu ilitoa cheche kwenye mvua.

Lushinge, mchomeleaji wangu, tulimwekea turubai.
Mvua ikaingia kwa ubavu.
Kiungo kimoja alikirudia mara nne:
tone likiangukia chuma chekundu
mshono hupasuka kwa sauti ndogo,
kama mtu anayesonya.

Wiki ya tano pampu ikafika. Flenji inchi tatu,
bomba letu inchi nne.
Muuzaji akanijibu kwenye simu:
Fundi, si ni inchi moja tu?

Na huko chini ziwa limejaa tele.
Kutoka jukwaa la juu unaliona mpaka macho yachoke;
shuka bafuni, fungua koki,
inakohoa kutu.

Usiku wa kupima tulijaza mpaka sindano ikagusa sita.
Saa mbili, sita.
Saa tatu, tano na nusu.
Saa nne, nne.
Hakuna aliyesema neno.

Lushinge akachukua nondo, akaichoma ardhini,
akaweka sikio juu ya ncha, akasogea hatua moja,
akachoma tena,
hivyo hivyo nusu ya uwanja, analowa,
mpaka kwenye alama ya penalti.
"Hapa," akasema. "Panapuliza."

Nyasi zile zilikuwa na siku tisa.
Nyamizi, mkandarasi wa nyasi, akaja
na koti la mvua juu ya gauni la kulalia,
akasimama langoni kwake kama kipa, mikono wazi.
Tulibishana hadi saa saba.
Kisha akaomba kisu, akazikata mwenyewe,
vipande vya mraba, akavilaza kwenye magunia mabichi
akivihesabu kwa sauti
ili nisije kumwibia hata kimoja.

Mita moja chini: tawi la bomba
lisilokuwa kwenye kumbukumbu ya yeyote.
Na kwenye tundu lake, kizibo cha mninga,
unene wa kidole gumba, kimeviringishwa kitambaa chekundu,
labda kipande cha jezi.

Nilitaka kucheka. Sikuweza.
Fundi mwenzangu, sijui jina lako wala mwaka wako.
Nawe tarehe ilikubana? Nawe ulisimama kwenye tope
ukajiambia, nitarudi kesho na kitu cha kudumu?
Kesho yako ilishika maji
mpaka sisi tulipokuja na sita zetu.

Siku ya mechi nilikuwa chini ya ngazi, kiganja juu ya pampu.
Goli sikuliona.
Vumbi la saruji liliniangukia kichwani,
sindano ikatikisika, ikarudi mahali pake.
Asilimia kumi ya malipo bado wameishikilia.
Na ile flenji, msiniulize nimeiungaje.
Nitarudi.

Kizibo kiko dirishani kwangu, Nyakato.
Kiangazi kinatingishika kwenye kisahani chake.
Mvua zikianza kinavimba, kinabana,
kama kwamba bado kuna tundu mahali
linalokitegemea.