Sentimita Arobaini na Tatu

Bi Idella Thorsgaard alitupa ruhusa ya shimo moja.
Moja tu, alisema, na ng'ombe wangu wasivunjike miguu.
Pruitt akachagua mteremko,
akachora mraba kwa kisigino cha buti,
nami, mshika koleo, nikaanza.

Juu, nyasi fupi, zimekaa mafungu mafungu
kama watu wasiosalimiana,
na katikati yao changarawe ya rangi ya waridi
iliyooshwa na mvua za Julai hadi ikametameta.
Wyoming haina haraka ya kuzika mifupa yake.

Sentimita kumi za kwanza: kahawia, mizizi kama nywele za kichanga,
imeshikana hata koleo likaomba radhi kabla ya kupita.
Kisha wekundu hafifu,
mfinyanzi kidogo ulioteremka chembe kwa chembe
na maji ya theluji, maelfu ya miaka,
ukavisha kila kokoto ngozi nyembamba.
Pruitt alitema mate kiganjani, akafinya, akasukuma kwa gumba:
utepe ukatoka, ukafika urefu wa ukucha, ukakatika.
Wasemao udongo uwahi ungali maji
hawajajaribu kuufinyanga huu.
Hautoi hata kikombe cha kunywea kuku.

Akadondosha tone la asidi. Tukainama kusikiliza.
Hakuna povu. Hakuna chokaa humu.
Udongo usiojibu mtu.

Halafu koleo likasema krrr.
Sikugonga jiwe. Niligonga kitu kilichowahi kuwa jiwe:
itale imesimama bado na mishipa yake yote,
ulanga umegeuka rangi ya shaba,
na zile punje za waridi zimelainika kama jibini.
Nikaubonyeza mwamba, ukasambaratika.
Mlima mzima, na hauhimili kidole.
Pruitt akashusha futi kamba: arobaini na tatu.
Akaandika.

Bi Idella alikuja juu ya farasi, hakushuka.
"Maji yanakaa?"
"Hayakai, mama. Yanapita
kama mgeni aliyeambiwa chakula bado."
"Mwanangu Clell anataka kulima shayiri hapa."
Pruitt akafuta miwani yake, upande mmoja, kisha wa pili.
Basi mwenyewe akanyoosha mkono ng'ambo ya uzio,
penye mstari ulionyooka mno kuwa kazi ya Mungu:
upande huu nyasi, upande ule magugu na kokoto tupu.
Baba mkwe wake alilima pale misimu miwili
kabla yeye hajazaliwa.
Upepo ulibeba ile kahawia yote.
Mchanga ukabaki, na deni la benki.
Miaka tisini na ushee, na jembe bado linaonekana.

"Andika," alisema, "kwa herufi ambazo Clell atazisoma."
Pruitt akamwonyesha karatasi: daraja la sita, namba, vifupisho.
Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma cheti cha hospitali.
Akamrudishia.

Ndipo aliposhuka, kwa taabu, mguu wa kushoto kwanza,
akasimama juu yangu nilipokuwa nafukia.
"Sivyo. Ulichokitoa mwisho kirudi kwanza."
Nikaanza upya. Ungaunga wa mwamba,
kisha wekundu, kisha kahawia,
nikipiga magoti na kushindilia kwa viganja,
kama mtu anayekunja nguo za marehemu.
Juu kabisa nikarudisha kipande cha nyasi,
na bado shimo halikujaa.
Palibaki kibonde, kiasi cha sahani.

"Kilichobaki kiko wapi?"

Pruitt, huku ameshika mifuko mitatu ya sampuli,
alitazama mbali, kulikokuwa na swala.
Mimi nilitazama viatu vyangu.
Nikavivua, kimoja kimoja,
nikavikung'utia pale.