Daraja la Pili

Mchana nilikuwa karani wa ghala la ushirika,
nakata korosho, natazama kiini:
nyeupe, daraja la kwanza; yenye madoa, la pili.
Jumamosi usiku nilibeba muhuri uleule
mpaka mlangoni mwa Ukumbi wa Utulivu
(aliyeupa jina hilo hakuwahi kulala jirani)
nikawapiga mkononi waliolipa kiingilio.
Muhuri wa kwanza meneja alikuwa ameufungia.
Kwa hiyo Masasi nzima ilicheza daraja la pili,
na Jumapili asubuhi padri aliuona wino wa zambarau
ukimjia mkono baada ya mkono
akanyamaza,
maana shemasi wake naye alikuwa akivutavuta
mkono wa kanzu.

Msimu ukilipa, mtu wa magunia sita
alivaa raizoni akatuangalia kutoka darini.
Pekosi zilifagia saruji nyekundu.
Nje Bi Somoe aliuza ming'oko kwa kibatari,
ndani nipa ilipita mezani
kwenye birika la chai, na vikombe, kwa adabu.

Halafu ule mlima.
Gita la Hilari Mmuni lilitokea dirishani,
likaenda kupiga Mtandi, likarudi
limechelewa nusu pigo.
Mpiga tumba mgeni aliapa kuna bendi kule juu
inamwiga.
Sisi tulishazoea:
la kwanza tulilijibu kwa miguu,
la pili kwa mabega.
Hata leo, harusini, mji wowote,
mtu wa kwetu utamjua:
mabega yake yanafika baadaye.

Mwaka wa mvua kubwa bendi kutoka Dar ilikwama Ndundu.
Lori la vyombo lilikuwa limevuka,
kivuko kikafa, wenyewe wakabaki ng'ambo
wakila kambale na kulaani.
Saa nne usiku jukwaa limepangwa, taa zinawaka,
hakuna mtu juu.
Nilishika sanduku la fedha nikisubiri fujo.
Hakuna aliyedai hata senti.
Likapa, fundi cherehani, akapanda, akashika besi
kama anavyoshika kitambaa cha mteja asiyemwamini.
Hilari akapanda. Mtoto wa mwenye mashine ya kusaga
akajibanza nyuma ya tumba.
Na Anastazia, muuguzi wa Mkomaindo,
bado na viatu vyeupe vya zamu,
akaomba kipaza sauti kama anaomba bomba la sindano.

Sitasema waliimba vizuri.
Chemko la kwanza lilivunjika mara mbili.
Saa saba jenereta ikakata roho, gizani
zikabaki tumba, na sauti yake,
na mlima ukiitikia.
Ndipo nikaacha mlango.
Katikati ya ukumbi akanishika kiganja, akapapasa:
"Na wewe, nani kakupiga muhuri?"
Hakuna. Miaka minne mlangoni, hakuna.
Akautoa mfukoni mwangu,
akaupulizia pumzi,
akanipiga chini ya sikio.

Uhamisho wake ulikuja Machi. Kigoma.
Kalamu nilikuwa nayo, karani mzima.
Sikuandika.

Juzi nilikwenda kununua saruji mifuko mitatu.
Duka ni lile lile, yaani ukumbi:
mabati yamesimama palipokaa besi,
misumari kwenye kaunta ya bia.
Nikasogeza ndoo kwa mguu, nikaiona sakafu nyekundu,
imelika kidogo, mviringo, pale alipozoea
kuzungukia yule mwenye raizoni.
Kijana akapiga muhuri risiti yangu. IMELIPWA.
Nikamnyooshea mkono: piga na hapa.
Akacheka, akawatazama wenzake.
"Mzee, wino huu hautoki."
Nikamwambia, najua.