Kuchambua

Saa kumi alfajiri, Igogo,
mawazo yanabisha kama mwenye nyumba tarehe mosi.
Siyafungulii yote.
Nauliza kwanza: umetumwa na nani?

Kiwanda cha minofu kimefunga lango tangu Machi.
Minza yuko Bugando, kitanda cha pembeni,
na daktari anasema tusubiri
kwa sauti ya mtu asiyesubiri.

Basi nashuka Mwaloni kuchambua dagaa kwa ndoo.
Mkono haubishani na kokoto,
unaitoa tu, unaendelea.
Hivyo ndivyo ninavyosali siku hizi.
Hofu: kokoto. Toa.
Wivu kwa jirani aliyeezeka bati jipya: konokono. Toa.
Chai ya jana, yenye maziwa: hiyo acha.

Kuna siku ndoo nzima ni mchanga.
Juzi nilikaa juu ya jiwe,
nikamwambia Bwana, leo sina neno.
Hakujibu. Ziwa nalo kimya.
Lakini mikono ilishazoea,
ikarudi kazini kabla yangu.

Jioni napanda kilima na chupa ya uji.
Minza ananusa vidole vyangu, anacheka:
"Mama, unanuka ziwa."

Kicheko hicho nakipokea,
nakiweka upande wa vinavyobaki.